Usikimbilie C na D: kugawa SSD mpya kabla ya kupiga Windows

Wateja wangu wengi hapa Morogoro ni walimu, wanachuo na watu wa steshenari. Laptopu zao ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ThinkPad na EliteBook, ambazo bodi yake bado ni nzima lakini hadi diski (hard disk), ile diski ya kuzunguka, imechoka. Ukiiwasha unapata muda wa kunywa chai. Dawa ni SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, na kuifunga ni kazi ya bisibisi na uvumilivu kidogo. Shida huanza baada ya hapo, kwenye ile skrini inayouliza Windows iwekwe wapi. Hapo ndipo watu hukata diski vipande vinne bila sababu, na miezi michache baadaye wanarudi na C, kipande chenye Windows, ikiwa imejaa hadi mlangoni huku D, kipande cha mafaili, ikiwa tupu.

Nitatumia kazi moja kama mfano: ThinkPad T480 ya mwalimu wa sekondari, SSD ya SATA ya giga 480, Windows 11. Mwalimu alisimama mezani kwangu akaniagiza kabla hata sijageuza laptopu.

"Fundi, usisahau kunitengenezea C na D."

"D ya nini, mwalimu?"

"Ya mitihani. Windows ikifa, mitihani inabaki."

"Na SSD yenyewe ikifa?"

"Kwani SSD nayo inakufa?"

Inakufa, tena kimyakimya. Hadi diski hukupigia kelele ya kukwaruza wiki nzima kabla ya kukata roho. SSD unaweza kuifunga jioni ikiwa nzima, asubuhi bayosi, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, haiioni kabisa. Ikiondoka inaondoka na C, D na herufi zote ulizoipa, kwa sababu ni kifaa kimoja. D ndani ya diski ileile hukusaidia pale tu Windows inapoharibika ukalazimika kufomati C. Hiyo ni faida ya kweli, siikatai, ila nakala ya akiba ni kitu kingine.

Tabia ya C na D ina historia yake. Enzi za FAT16, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, patisheni moja (kipande kimoja cha diski) haikuweza kuzidi giga 2, kwa hiyo mwenye diski ya giga 6 hakuwa na hiari, ilibidi aigawe. Baadaye, kwenye hadi diski, mafundi waliiweka Windows mwanzoni mwa diski kwa sababu ukingo wa nje wa sahani husomeka haraka kuliko ndani. Sababu hizo mbili hazipo tena. NTFS, mpangilio wa Windows wa leo, haina kikomo kile, na SSD haina sahani wala ukingo. Ndani yake kuna kidhibiti kinachosambaza data kwenye chipu kinavyotaka chenyewe, bila kujali mpaka uliouchora wewe.

Kabla ya kugawa chochote

Kwanza hakikisha SSD ni kile kilichoandikwa juu yake. Madukani kuna SSD za bei ya kutupa zilizoandikwa terabaiti 2 ambazo ndani yake ni chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Windows itakuonyesha ukubwa wote ule wa uongo, utaigawa vizuri, utapiga Windows, itafanya kazi. Siku ukivuka uwezo halisi, mafaili yanaanza kuharibika moja baada ya jingine. Kama umenunua SSD isiyo na jina, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa casing ya USB, uijaze kwa H2testw, au f3write na f3read kama unatumia Linux. Programu hizi huandika data mpaka diski ijae, kisha huisoma tena na kulinganisha. Zinachukua muda, waache watu wasubiri. Pia fungua programu ya CrystalDiskInfo uangalie mstari wa saa ambazo diski imekuwa ikiwashwa. SSD "mpya" yenye saa elfu kadhaa si mpya, na hapo una haki ya kurudi dukani na boksi lako.

Pili, usishtuke kuona 480 imekuwa 447. Hujaibiwa. Kiwandani giga moja ni baiti bilioni moja kamili, lakini Windows inagawanya kwa 1,073,741,824 halafu bado inaandika GB. Kwa hesabu hiyo 240 inaonekana 223, 256 inaonekana 238, 512 inaonekana 476, na terabaiti moja inaonekana 931. Panga vipimo vyako kwa namba hizi za pili, la sivyo hesabu haitafunga.

Tatu, ingia bayosi. ThinkPad ni F1, HP ni F10, Dell ni F2. Kwenye T480 nenda Startup, weka "UEFI Only" (UEFI ni njia mpya ya kuwasha kompyuta), na CSM, ile ya kuiga bayosi ya zamani, iwe "No". Hapo hapo kwenye Config, chini ya Power, kuna chaguo la kuzima betri ya ndani. Lichague kabla ya kufungua mfuniko kubadilisha diski, kwa sababu T480 ina betri mbili na kuchomoa ile ya nje tu hakukati umeme kwenye bodi.

Hilo la UEFI linaamua aina ya jedwali la patisheni, yaani ramani ya vipande vya diski, utakalotumia, na hapa sina maneno mengi: tumia GPT. MBR, jedwali la zamani, ni mpango wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jedwali lake lote linakaa ndani ya sekta ya kwanza ya diski, baiti 64 tu, nafasi nne za patisheni, na kwa sekta za kawaida za baiti 512 haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2. Sekta hiyo ikiharibika, umepoteza ramani. GPT huweka jedwali mwanzoni mwa diski na nakala yake mwishoni, na kila moja ina alama ya kuhakiki kama imechezewa au kuharibika. Kwa mji ambao umeme hukatika ukiwa katikati ya kazi, nakala ya pili ni kitu cha kushukuru. Zaidi ya hayo Windows 11 yenyewe inadai kompyuta yenye UEFI, na ukiwasha kwa UEFI, seti-apu yake itakataa diski ya MBR waziwazi.

Flashi ya kupigia Windows nayo lazima ikubaliane na hilo. Iwe ya giga 8 au zaidi. Ukiitengeneza kwa programu ya Rufus, chagua GPT na UEFI. Ukitumia chombo cha Microsoft chenyewe, huulizwi. Wakati wa kuwasha, F12 kwenye ThinkPad na Dell, F9 kwenye HP, na kama orodha inaonyesha flashi yako mara mbili, chagua ile yenye neno UEFI.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza, na hili nalifanya kila mara: chomoa kila diski isiyohusika. Kama kompyuta ya mezani ina hadi diski ya zamani yenye picha za harusi, toa waya wake. Kama kuna memori kadi, itoe. Zaidi ya kuepuka kufuta kisichofutwa, Windows ikikuta diski nyingine yenye patisheni ya kubuti inaweza kuweka faili zake za kuwashia huko, kisha siku ukiitoa diski ile ya zamani, SSD mpya haiwaki.

Vipande gani vinahitajika kweli

Kwenye GPT, Windows inataka vipande vinne, na vitatu kati yake mtumiaji havioni kamwe.

Cha kwanza ni patisheni ya EFI, yenye FAT32. Bayosi haielewi NTFS. Inafungua FAT32 hii, inakuta kipakizi cha Windows, inakiwasha. Windows ikiachiwa ijitengenezee mara nyingi hutoa megabaiti 100. Mimi naweka 512. Mia moja zinatosha mpaka siku unapoongeza Ubuntu (mfumo mwingine, wa Linux), au pale kompyuta inapotaka kuweka humo faili za kusasisha bayosi. Kuipanua baadaye ni kazi ya kuudhi kwa sababu jirani yake tayari yupo. Megabaiti mia nne kwenye diski ya giga 447 hazina mtu atakayezililia.

Cha pili ni MSR, megabaiti 16, haina faili wala herufi. Windows inaihifadhi kwa kazi zake. Iache.

Cha tatu ni C.

Cha nne ni patisheni ya uokoaji, ile inayofunguka Windows ikishindwa kuwaka. Hiki ndicho watu wanakidharau, na ndicho kilicholeta vilio Januari 2024, pale sasisho la Windows 10 namba KB5034441 lilipogoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643. Sababu ilikuwa ndogo tu: patisheni ya uokoaji haikuwa na nafasi ya kutosha. Microsoft ikawaelekeza watu waipunguze C na kuongeza megabaiti 250 upande wa pili kwa amri za mkono, kazi ambayo mwalimu wa kawaida hawezi kukaa nayo. Kwa hiyo naipa 1024 tangu mwanzo.

Sasa mahali pake. Ichukulie diski kama safu ya viwanja kando ya barabara. Windows inaweza kuipanua C kwenye kiwanja kinachofuata mara moja upande wa kulia, tena kiwe kitupu kabisa. Haiwezi kuruka jirani. Microsoft hupendekeza patisheni ya uokoaji ikae mara tu baada ya C, na seti-apu za miaka ya karibuni hufanya hivyo zenyewe. Maana yake ukitengeneza C ya giga 100 na D ya giga 346, katikati yao anakaa huyu wa uokoaji. C ikijaa, utaifuta D kwa furaha, utafungua Disk Management, utabonyeza C, na "Extend Volume" itakuwa imefifia, haibonyezeki. Hapo ndipo laptopu hufika mezani kwangu. Kuna programu za kuhamisha patisheni, zinafanya kazi, lakini ni saa nzima ya kusogeza data ukiomba umeme usikatike.

Upande wa pili ni rahisi. C kubwa moja unaweza kuipunguza wakati wowote, ndani ya Windows, bila kufuta kitu, siku utakapoona kweli unahitaji kipande kingine. Mwenye C nzima hajajifunga popote.

Msimamo wangu kwa hiyo, kwa ukubwa wa diski: hadi giga 256, C moja, sijadiliani. Windows 11 yenyewe inataka angalau giga 64, ongeza masasisho, Office, na WhatsApp ya kompyuta inayokusanya video za kikundi cha ukoo, na utaona giga 238 si nyingi. Giga 480 au 512, bado C moja kwa mtu wa kawaida. Terabaiti moja, ukipenda D nitakutengenezea, lakini C isipungue giga 250. D nakubali bila ubishi kwa kompyuta za maabara na intaneti kafe, zile zinazopigwa Windows upya kila muhula, na kwa wanaotaka mifumo miwili, ambao nitawafikia.

Na ile hadithi ya kuacha asilimia kumi ya SSD bila kugawa ili idumu? Ina chanzo cha kweli: kidhibiti kinahitaji nafasi tupu ya kuhamishia data kabla ya kufuta. Lakini SSD nyingi tayari zina akiba yake iliyofichwa. Halafu kuna TRIM: ukifuta faili, Windows inaiambia SSD kwamba vile vyumba viko wazi. Kwa hiyo nafasi tupu ndani ya C inafanya kazi ileile, mradi usiijaze C mpaka rangi ibadilike kuwa nyekundu.

Kazi yenyewe

Washa kwa flashi. Ukifika skrini ya kwanza ya lugha, bonyeza Shift na F10. Kwenye laptopu nyingine ongeza Fn. Dirisha jeusi litafunguka. Andika amri hizi za diskpart, chombo cha Windows cha kugawa diski:

```
diskpart
list disk
```

Kwa T480 ya mwalimu nilipata hivi:

```
Disk 0    Online    447 GB    447 GB
Disk 1    Online     14 GB       0 B
```

Hapa simama, toa mkono kwenye kibodi. Disk 1 ya giga 14 ni flashi yangu ya 16. Disk 0 ya 447 ni SSD, na safu ya pili inasema yote ni tupu, kama inavyopaswa kuwa diski mpya. Ukiona 465 hapo, hiyo ni hadi diski ya giga 500, umesahau kuchomoa kitu. Namba za diski hazina uaminifu: leo SSD ni 0, kesho kwenye kompyuta nyingine flashi ndiyo 0. Kwa hiyo nachagua kisha nauliza jina:

```
select disk 0
detail disk
```

Mstari wa juu kabisa utakutajia modeli. Ukilingana na ile iliyoandikwa kwenye boksi, endelea. Kuna mafundi wanaoandika amri zote kwenye faili moja na kuiendesha kwa mkupuo. Kwenye kompyuta ya mteja sifanyi hivyo, kwa sababu faili haina macho ya kuangalia modeli. Amri inayofuata haiulizi "una hakika?", haihesabu, haina kikapu cha taka:

```
clean
convert gpt
```

Kisha vipande kwa mpangilio wake:

```
create partition efi size=512
format quick fs=fat32 label="System"
create partition msr size=16
create partition primary
shrink minimum=1024
format quick fs=ntfs label="Windows"
create partition primary
format quick fs=ntfs label="Uokoaji"
set id="de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac"
gpt attributes=0x8000000000000001
```

Mistari ya katikati ndiyo yenye ujanja. Amri ya nne inachukua nafasi yote iliyobaki, ya tano inakata megabaiti 1024 mkiani, na ile patisheni ya mwisho inajaza pale palipokatwa. Hivyo huhitaji kupiga hesabu ya C kwa mkono. Ile namba ndefu kwenye "set id" ndiyo inayoitambulisha patisheni kwamba ni ya uokoaji. Ukikosea herufi moja inabaki kuwa patisheni ya kawaida. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza, maana kuinakili kutoka kwenye simu yenye skrini iliyopasuka ni kutafuta makosa. Mstari wa mwisho unaificha, isipewe herufi na mtu asiione akadhani ni nafasi ya bure ya kuwekea muziki.

Malizia kwa:

```
list partition
exit
```

Utaona patisheni nne. Angalia safu ya mwisho ya ile ya kwanza: iandike 1024 KB. Hiyo ni kusema imeanza kwenye megabaiti ya kwanza kamili, inavyotakiwa kwa SSD. Programu za zama za Windows XP zilianzia sekta ya 63, namba isiyogawanyika vizuri, na kila uandishi ukawa unagusa kurasa mbili za SSD badala ya moja. Windows tangu Vista hujipanga yenyewe, kwa hiyo leo tatizo hilo linakupata tu ukinakili diski ya kale nzimanzima kwenda kwenye SSD. Ni sababu nyingine ya kupiga upya badala ya kunakili.

Funga dirisha jeusi, endelea na seti-apu mpaka skrini ya kuchagua mahali. Bonyeza Refresh kama haijaona mabadiliko, chagua ile kubwa iliyoandikwa Windows, Next. Usichague ya kwanza kwa sababu tu iko juu.

Kama kwenye skrini hiyo hakuna diski kabisa, na bayosi inaiona, na kompyuta ni ya Intel kizazi cha 11 au baada yake, mshukiwa wa kwanza ni VMD, kipengele cha Intel cha kusimamia diski. Ama unaizima kwenye bayosi kabla ya kupiga Windows, ama unapakua dereva wa Intel RST, unaiweka kwenye flashi na kubonyeza "Load driver". T480 ni kizazi cha 8, haina kero hiyo.

Na kama yote haya unaona ni mengi kwa laptopu ya mtoto ya giga 256? Futa patisheni zote pale kwenye skrini mpaka ubaki na "Unallocated Space" moja, ichague, bonyeza Next. Windows itajigawia vipande vyote vinne. Utapata EFI ndogo na uokoaji mwembamba kuliko niupendao, lakini itawaka na itafanya kazi. Ni bora hivyo kuliko kuchora C na D kwa kubahatisha.

Wanaotaka Ubuntu pembeni

Wanachuo wengi huniuliza hili. Tanguliza Windows. Badala ya amri tupu ya "create partition primary", mpe C kipimo: kwa SSD hii, `create partition primary size=307200`, yaani giga 300, uruke mstari wa shrink, kisha utengeneze ya uokoaji kwa `create partition primary size=1024`. Zinabaki giga 145 hivi tupu upande wa kulia. Usizifomati, Ubuntu itazichukua yenyewe.

Ukifika kwenye kisakinishi cha Ubuntu, chagua njia ya mkono, tengeneza patisheni moja ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) kwenye nafasi tupu na uiwekee alama ya `/`. Hakuna haja ya patisheni ya swap, ile nafasi ya kuisaidia RAM. Ubuntu inatumia faili ya swap tangu toleo la 17.04. Itumie EFI ileile ya Windows, na hakikisha huiwekei alama ya kufomati, kwa sababu ndani yake ndimo kilipo kipakizi cha Windows.

Mambo mawili ya Windows uyashughulikie kabla. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, maana Windows isiyozimika kikweli inaiacha NTFS nusu wazi, na Ubuntu itakataa kuandika humo. Pia angalia kama usimbaji wa diski (BitLocker) umewashwa. Windows 11 kuanzia 24H2 inaweza kuuwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Nakili ufunguo wa BitLocker mahali nje ya laptopu hiyo kabla hujagusa patisheni yoyote, kwa sababu badiliko kwenye mfumo wa kuwashia linaweza kukufanya uulizwe ufunguo huo, na bila huo ufunguo hakuna fundi atakayekufungulia.

Ukaguzi kabla ya kumkabidhi mtu

Windows ikishawaka, fungua Command Prompt kama msimamizi. `reagentc /info`, inayokagua patisheni ya uokoaji, ikuonyeshe "Enabled", na njia ya chini yake itaje partition4. Ikisema Disabled, andika `reagentc /enable` kisha uulize tena. Halafu `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 maana yake TRIM inafanya kazi, ingawa jina lenyewe limekaa kinyumenyume.

Mwalimu nilimpa C moja. Folda ya mitihani niliiweka ndani ya Documents, na ile hadi diski yake ya zamani, ambayo bado ilisomeka, nikaitia kwenye casing ya USB ya inchi 2.5. Haihitaji chaja ya pembeni. Kila Ijumaa anaichomeka, ananakili folda, anaichomoa na kuifungia kabatini ofisini. Kwa wewe unayefanya mwenyewe nyumbani: usiifomati diski ya zamani mpaka umefungua mafaili machache ya kila aina kwenye SSD mpya, hasa zile Excel zenye nenosiri na picha zilizokuwa kwenye Desktop, ambazo watu husahau kwamba nazo zilikuwa C.